Sale Lililokatwa

Ernesti alitoka Tanga na watoto wake wawili, Praxeda wa miaka minane na Luka wa mitano, awaonyeshe kaburi la babu yao. Vita vya Hitla vilipoanza, Wajerumani walifungiwa kambini, upande wa Maramba. Babu alikuwa mpishi wa mmoja wao. Akafungiwa naye, kosa lake kujua kupika viazi. Homa ikamuua. Ernesti ndiye aliyemzika, akapanda sale kichwani, mmea ambao Mchaga akiuona kaburini haugusi.

Sasa, miaka kumi na mitatu baadaye, kambi ilikuwa nguzo chache na waya wenye kutu. Makaburi ya Wazungu yamesakafiwa, yamepakwa chokaa. Pembeni, walikozikwa wapishi na maboi, pamelimwa na kupandwa mkonge.

"Baba, babu yuko wapi?" Luka aliuliza.

Ernesti alikuwa ameona kisiki cha sale katikati ya mkonge, kimekatwa, utomvu haujakauka.

Mlinzi wa shamba akaja, panga mkononi.

"Shikamoo," watoto wakamwamkia.

"Marahaba, wanangu."

Lafudhi yake ilikuwa ya nyumbani, ya Kichaga. "Wewe wa wapi?" Ernesti aliuliza.

"Machame. Naitwa Asheri."

"Mtu wa Machame, unakata sale kaburini?"

"Meneja alisema ni magugu."

"Meneja ni Mzungu, atajuaje? Na wewe je? Ukiambiwa mfupa wa baba yako ni kuni, utaupasua?"

Asheri aliinama, akaokota jani la sale alilokata, akamnyooshea kwa mikono miwili. Uchagani, anayeombwa radhi kwa jani hilo hakatai, hata kama ameuliwa mtoto. Ernesti akaificha mikono yake mgongoni.

"Umelikata juu ya baba yangu, halafu unaniombea radhi kwa hilo hilo? Huna haya!"

"Ndugu yangu, usinirudishe nalo."

"Jani halioti. Lete shina."

Asheri akachimba kwa panga, akachomeka shina. Praxeda na Luka wakashindilia udongo kwa viganja.

"Babu yenu yuko hapa," Ernesti aliwaambia. "Aliitwa Luka."

"Kama mimi?"

"Kama wewe."

"Na meneja nimwambieje?" Asheri aliuliza.

"Shauri yako. Baada ya masika nitarudi na watoto hawa. Nikikuta limechipua, nitalipokea jani lako. Nikikuta limekatwa, usithubutu kuninyooshea kitu."

Akawashika watoto mikono, wakaondoka. Asheri alibaki palepale, jani mkononi.