Nukta ya Njano

Madereva wa mitambo walimpa jina la Satelaiti, na hawakumpa kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, pembeni ya karakana, akifuatilia kwenye kompyuta kila mtambo wa kampuni uko wapi na unafanya nini. Kila greda, kila katapila na kila lori la mchanga lilikuwa limefungwa kifaa cha GPS, na kwenye kioo kila kimoja kilikuwa nukta. Nukta ikiwa ya kijani, mtambo unatembea. Ikiwa nyeusi, umezimwa. Ikiwa ya njano, injini inanguruma lakini mtambo umesimama, yaani dizeli ya watu inateketea bure.

Njano alikuwa anaipenda, tusidanganyane. Akiiona tu, anainua simu. "Wewe wa greda, umekuja kazini au umekuja kupiga soga?" Dereva akibabaika kujieleza, Satelaiti anacheka peke yake ndani ya kontena lake. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Miongoni mwa madereva hao alikuwemo baba mkwe wake. Mzee huyo alikuwa akiendesha shindilia, ule mtambo wenye gurudumu zito la chuma unaokandamiza udongo wa barabara, na alikuwa ameuendesha tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Tena ndiye aliyemshika mkwewe mkono akampeleka kwa meneja, akasema kijana huyu anajua kompyuta, mjaribuni. Kazini hawakuwa na mazoea. Mkwe ni mkwe. Walisalimiana kwa adabu, kila mmoja akashika njia yake.

Kwa hiyo siku mzee alipokuja mwenyewe dirishani pa kontena, kofia ngumu mkononi, Satelaiti alisimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, stata ya shindilia imekufa. Nikizima, haliwaki tena mpaka tulivute na katapila. Fundi anasema stata mpya lazima uidhinishe wewe."

Ni kweli, vipuri vyote vilipitia kwake. Lakini mwezi ule alikuwa ameapa kumwonyesha meneja jinsi mfumo wake ulivyopunguza gharama, na shindilia likiingizwa karakana, kipande kizima cha barabara kingesimama. Akaona akili ni nywele, naye anazo.

"Usilizime kwanza, baba. Likishawaka asubuhi, liache lingurume mpaka jioni. Mimi nitalishughulikia."

"Na ile taa yenu ya njano?"

"Hiyo niachie mimi. Nitaandika kwenye mfumo kwamba lina hitilafu."

Mzee akashukuru akaenda zake. Satelaiti akarudi kwenye kiti, simu ikaita, lori moja lilikuwa limepotea njia, na habari ya stata ikamtoka kichwani kabisa. Hakuandika chochote. Hakuidhinisha chochote. Hata nukta ya shindilia hakuwa akiifuatilia, maana mkwe hapigiwi simu ya kukaripiwa.

Ripoti ya mwezi ilipotoka, mfumo uliipanga mitambo wenyewe, na shindilia likawa juu ya yote kwa njano. Meneja alikuwa mtu wa hasira za karibu. Aliwakusanya madereva wote uwanjani mbele ya karakana, akamweka Satelaiti kando yake na karatasi zake, akamwita mzee mbele.

"Mzee, mtambo wako unakunywa dizeli umesimama siku nzima. Unaniambiaje?"

Hapo ndipo Satelaiti alipoikumbuka stata. Neno moja tu lilitosha, na lilikuwa lake kulisema. Lakini kulisema mbele ya watu wote wale, madereva aliowacheka simuni, na meneja aliyekuwa ametoka kumsifia! Akayatazama makaratasi kana kwamba ameyaona leo. Akajitia hamnazo.

Mzee alimtazama mkwewe, mara moja tu, halafu akatazama viatu vyake. Alikuwa na haki ya kunyoosha kidole. Lakini amwumbue mume wa binti yake hadharani? Alikuwa amekula chumvi nyingi, asingeweza.

"Ni kosa langu, meneja," alisema.

"Basi weka ufunguo hapa. Wengine mjifunze."

Akauweka. Akavua na kofia ngumu, ingawa hakuna aliyemwambia, akaiweka juu ya pipa, akatoka getini kichwa wazi. Kila mtu pale alijua kwamba kwa umri wake hakuna kampuni nyingine itakayomkabidhi mtambo.

Jioni ile Satelaiti alifika nyumbani akiwa amejiandaa kwa kilio na lawama. Alimkuta mkewe macho mekundu, lakini maji ya kuoga yako tayari, chakula kimefunikwa, na sauti ni ya upole ambao hakuuona tangu siku za mwanzo za ndoa yao.

"Baba ameniambia yote," mkewe alisema.

Satelaiti akakaa. "Amekuambia nini?"

"Jinsi ulivyomtetea. Anasema ulijitahidi sana lakini bosi wenu hasikii la mtu, na kama si wewe wangempeleka hata polisi." Akamsogezea sahani. "Asante, mume wangu. Mwingine angeogopa kibarua chake."

Satelaiti aliisukuma sahani kando. Usiku alijigeuza kitandani, akaona haya hata mkewe alipomtupia mkono. Angalau angetukanwa! Mtu akitukanwa huweza hata kujibu. Sasa atajibu nini shukrani ambayo si yake?

Kesho yake alipiga moyo konde akaingia kwa meneja na kumwambia yote, kuanzia stata mpaka ukimya wake. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida.

"Kwa hiyo ulisimama pale kando yangu, ukaniacha nimdhalilishe mzee wa watu?"

"Ndiyo."

"Tena mkwe wako."

"Ndiyo."

"Mwambie arudi, nami nitamwomba radhi mbele ya wale wale. Wewe barua yako ya onyo itakufuata. Nenda ukamwambie mwenyewe, usitume mtu."

Alimkuta mzee barazani kwake, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono haina cha kushika. Ndani zilisikika sauti za vyombo. Satelaiti alisalimia, akakaa kwenye kigoda, chini kuliko mkwewe, akasema.

"Nimemwambia meneja ukweli, baba. Anakutaka urudi. Atakuomba radhi mbele ya watu. Nami nimekuja kukuomba yangu."

"Umefanya vizuri," mzee alisema. "Lakini sirudi."

"Baba, kazi ni yako."

"Nikirudi itajulikana kwa nini niliondoka. Sikiliza hao ndani." Akashusha sauti. "Mkeo yuko humo. Tangu asubuhi anamsifia mume wake kwa mama yake. Mimi nimeshazeeka, kazi ingeniacha tu. Yeye bado ana miaka mingi ya kukaa nawe. Mwache akae na mume anayemjua."

"Baba..."

"Nimesema."

Pazia likafunguka, mkewe akatoka na birika na vikombe kwenye sinia. Alipomwona mumewe uso ukamng'aa.

"Kumbe uko hapa. Mnaongea nini, mbona mmenyamaza?"

"Mumeo kaja kunijulia hali," mzee alisema haraka.

Satelaiti aliinamisha kichwa. Mzee alikuwa amempa mlango, umefunguliwa wazi, ni kupita tu. Akaona akiupita huo, hatakuwa na uso wa kumtazama mtu yeyote tena katika nyumba ile.

"Si kweli," alisema. "Sikumtetea baba. Mimi ndiye niliyemwambia asizime injini, nikasahau kuandika. Na walipomfukuza nilikuwa nimesimama pale pale, sikufungua mdomo."

Mkewe alimtazama baba yake, na mzee akageuza uso ukutani. Hapo akaelewa. Aliweka sinia mezani taratibu.

"Baba, kesho unarudi kazini," alisema.

"Mwanangu..."

"Unarudi. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka getini."

Akamimina chai kwenye kikombe kimoja, akampa baba yake kwa mikono miwili. Kisha akachukua birika akaingia nalo ndani, na kikombe cha pili akakiacha kitupu mbele ya mumewe.