Baba Haingii

Ndugu yangu Thadeus, padri wa misheni moja kongwe upande wa Nyaramba, alikuwa anakufa kwa saratani ya ini. Ombi lake lilikuwa moja tu: amwone Baba. Baba alikubali, lakini akataka kwanza tupitie makanisa yote ya zamani. Pale alipobatizwa alipapasa kuta za mawe kama mnunuzi wa ng'ombe. Pale alipofungia ndoa akaanza kunihadithia habari za kengele. Nilijua anachokikwepa, nami nilikuwa nimefura kwa hasira.

Tulipofika, Thadeus alikuwa amelala chumbani mwake katika nyumba ya mapadri, hawezi hata kuketi. Baba aliishia barazani. Akavuta kiti, akakaa chini ya dirisha.

"Tata, ingia," nikamwambia.

"Bonareri, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa. Hiyo ni chinsoni, na wewe unaijua."

Naijua. Ndiyo heshima yetu sisi Wakisii, inayomweka mzazi mbali na malazi ya mwanawe mtu mzima. Siku zote nimeitii. Siku hiyo niliichukia.

"Huyu hana mke! Nyumba yenyewe ni ya kanisa, ilijengwa na Wazungu!"

"Analala humo, ni yake. Mleteni kanisani, nitamwona huko."

Nikamwita katekista Osoro, tukajaribu kumwinua na blanketi lake. Thadeus alipiga yowe ambalo bado nalisikia. Tukamlaza tena.

Baba naye alilisikia. Akasimama, akaanza kusema kupitia dirishani: migomba imeangushwa na upepo, chai inachumwa, ng'ombe mwekundu amezaa.

"Tata," Thadeus akasema, "njoo unishike."

"Niko hapa, mwanangu."

"Njoo."

Baba aliufikia mlango. Mguu mmoja ukainuka, ukarudi chini. Nikamsihi, nikalia, nikamvuta koti. Hakusogea. Ndani, Osoro akaanza kusali kwa sauti ya chini, kisha akatoka akatikisa kichwa.

Hapo Baba akavua kofia, akanipita, akaingia moja kwa moja hadi chumbani. Akaketi kitandani, akampakata Thadeus kichwa.

"Nyumba haina mwenyewe sasa," akaniambia.

Nilitoka nje, maana nilikuwa karibu kumtamkia neno ambalo binti hamwambii baba yake.