Mgeni wa Kamati Nyumbani kwa Wazee

Homa ya mafua ya mwaka wa hamsini na saba ilipoingia Likoni, wahudumu wa nyumba ya wazee walitoweka mmoja mmoja. Huyu ana msiba kwao, yule jino lamuuma. Akabaki Kuluthum peke yake na mpishi, na wazee chungu nzima wakikohoa.

Asubuhi moja Bwana Faraj wa kamati inayoisimamia nyumba hiyo alisimama mlangoni kwa kanzu nyeupe, leso puani.

"Kamati yataka kujua," alisema, "je, mwairidhia kazi yenu wakati huu wa taabu?"

Kuluthum alikuwa amebeba ndoo ya choo. Akamsogezea.

"Nipokee hii kwanza, mwanangu. Nikipata kukaa, nitakujibu."

Faraj akaipokea kwa aibu, akaingia. Ndani, Mzee Yeslam, ambaye hakuwa amesema neno tangu homa imshike, alifumbua jicho moja.

"Bwana harusi huyu mmemwokota wapi? Mwambieni anigeuze, mgongo waniwaka. Na aiondoe hiyo leso, anuse vizuri. Mimi si marashi ya halwaridi."

Kuluthum alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alikuwa amekwisha kumlilia mzee huyu kimoyomoyo, naye kumbe ana nguvu za kutukana.

Faraj aliwageuza wazee mpaka adhuhuri, kanzu ikageuka rangi. Akinawa, akamkumbusha Kuluthum kwamba hajamjibu.

"Leo naipenda," alisema Kuluthum. "Jana ungeniuliza, wallahi ningekufukuza. Ya kesho siyajui. Njoo tena, ila uvae kanzu kuukuu."

Akaja.