Mpaka wa Gigabaiti Mbili

Katika chumba kile cha uchapaji sheria ilikuwa moja, wala haikuhitaji kubandikwa ukutani: kompyuta ikiganda, aliyekalia kiti ndiye anayeosha vikombe vya ofisi nzima. Mpangaji wa kurasa alikuwa ameviosha siku kumi na moja mfululizo, hata vidole vikamchanika. Asubuhi hiyo msimamizi alimwonya waziwazi: "Dada, ikiganda tena, utarudi kwenye meza ya kukatia karatasi."

Yeye alimjua aliyekuwa akiila kumbukumbu ya kompyuta. Kila siku mchora mabango, waliyembandika jina la Bwana Rangi, alifungua picha zake kubwa, akaziacha zikichakatwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, nyuma ya kurasa za mwenzake, kisha akaenda zake kupiga soga. Mashine ilikuwa na gigabaiti nne tu za kumbukumbu. Programu ya picha ilizifakamia zote, na kitabu cha wakunga alichokuwa akikipanga dada huyo, chenye kurasa mia tatu, kikakosa hata pumzi.

Mwezi mzima, wenzake wakila chakula cha mchana, mpangaji alijisomea mwongozo wa mfumo, neno kwa neno. Leo aliandika mstari mmoja wa amri: programu ya picha isizidi gigabaiti mbili, ikivuka, ifungwe peke yake.

"Kaka, hifadhi kazi yako," alimwambia. "Nimekuwekea mpaka."

"Mpaka!" Bwana Rangi aliangua kicheko. "Dada yangu, wewe shughulika na koma na nukta. Mitambo tuachie wenyewe."

Saa nne, mpangaji alipofika ukurasa wa mia mbili na tisini, kishale cha kipanya kilisita. Feni ikanguruma.

Kisha dirisha dogo likachomoza kwenye skrini: programu ya picha imefungwa kwa kuvuka kiwango chake. Kishale kikateleza tena, chepesi, na kurasa za wakunga zikabaki salama zote, hata herufi moja haikupotea.

"Bango langu!" alipiga kelele Bwana Rangi.

Msimamizi aliinama, akausoma ujumbe ule mara mbili. "Kumbe siku zote ni wewe? Kiti hakili kumbukumbu, bwana. Vikombe vile pale. Siku kumi na moja."

"Zote?"

"Zote. Na sabuni usiibanie."

Mpangaji wa kurasa aliamuru printa ianze. Kule kwenye karo kikombe cha kwanza kiligonga cha pili. Karatasi zilitoka moja moja, zingali na joto, naye akazipokea akiwa amesimama wima.