Ushuhuda wa Mama Sabuni

Mumewe alipofariki, Mama Sabuni hakurudi kwao. Mamamkwe alimpa chumba cha uani, akamfundisha kazi yake mwenyewe ya kutengeneza sabuni: kupima magadi makali, kukoroga mafuta bila kupumzika, kumimina kwenye fremu za mbao, kukata vipande kwa waya. Siku moja magadi yalimrukia bibi yule, yakampofusha jicho la kushoto. Tangu hapo mkwe ndiye aliyekoroga, bibi kaketi kando akisikiliza mwiko. "Bado. Ongeza mkono."

Miaka sita mtaa mzima ulifua kwa sabuni ile.

Kisha wakaja watu wa mradi wa kusaidia wafanyabiashara wadogo, wakamchagua apewe mashine ya kukorogea. Asubuhi ya sherehe, afisa wao alimwita pembeni.

"Dada, utatoa ushuhuda. Ila habari za mamamkwe tuziache. Wafadhili wakisikia ulishasaidiwa, watauliza sisi tumefanya nini."

"Lakini ndiye aliyenifundisha."

"Najua. Na wapo kumi wengine wanaoitaka mashine hii."

Bibi alikaa kiti cha mbele, amevaa nguo yake ya kutokea. Mama Sabuni akashika kipaza sauti.

"Nilikuwa sina mtu," alisema. "Nililala njaa. Hakuna aliyenionyesha hata njia."

Akainamisha kichwa, asikutane na jicho la bibi. Watu wakadhani ni uchungu, wakapiga makofi. Bibi naye alipiga, taratibu, akawa wa mwisho kuacha.

Mashine ilipofikishwa nyumbani jioni, fremu na mapipa yalikuwa nje, na mlango wa chumba chake una kufuli jipya.

"Mama, walinilazimisha."

"Walikushika ulimi?"

"Nisamehe. Nitakwenda wapi?"

"Nitajuaje? Mtu asiye na mtu hana chumba kwangu."

Alipiga magoti. Bibi akampita, akaenda kuanua nguo kambani.

Mashine ililala nje wiki mbili, mvua ikaingia kwenye mota. Afisa aliporudi kupiga picha, aliandika kwamba mnufaika ameshindwa kuitunza, akaipakia garini. Mama Sabuni alimfuata hadi dirishani.

"Waambie ukweli basi. Nimefukuzwa kwa maneno yenu."

"Maneno uliyasema wewe, dada," alijibu, akapandisha kioo.

Siku hizi anafulia watu nguo, nyumba hadi nyumba. Kile chumba kimekuwa banda la kuku. Wakikutana njiani, humwamkia bibi kwa heshima, na bibi humwitikia vizuri tu, kama anavyomwitikia mpita njia yeyote.