Matundu Manne Kwenye Bati

Saa kumi na moja na robo jioni, siku ya Alhamisi, walifika kwenye duka la tano, na juu ya mlango palikuwa na kibao cha plastiki chenye picha ya viatu vinavyong'aa. Kibao kilikuwa safi na kimenyooka. Stika, jina alilopewa mjini kwa kazi yake ya kubandika, alikijua, maana alikichapisha na kukifunga mwenyewe.

"Hiki nacho ni chako, baba?" binti yake aliuliza.

"Changu."

"Cha babu kilikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Alikichora ukutani. Tulipiga rangi nyeupe juu yake, ndipo nikafunga hiki."

Binti aliandika. Nyumbani walimwita Karani, kwa sababu hakuamini jambo mpaka liwe kwenye karatasi. Jumamosi shuleni kwao palikuwa na maonyesho ya urithi, na kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka kitu halisi kilichotengenezwa na mtu wa ukoo wake. Mwalimu alikuwa ameshasema kwamba maneno matupu hayapokelewi. Karani alichagua vibao vya babu yake, aliyechora kwa brashi majina ya maduka ya mji ule mpaka macho yakamshinda. Mzee alimtajia vibao saba, mtaa kwa mtaa, bila kusita. Siku hizi aliona vitu vikubwa tu, tena kwa kuvisogelea mpaka pua iguse. Hata hivyo aliahidi kuja Jumamosi, na alishatoa koti lake lipigwe pasi.

Stika hakuwahi kugombana na baba yake. Kazi ilibadilika tu. Wateja walitaka picha, na mashine ilitoa kwa saa moja kile ambacho brashi ilikifanya kwa siku tatu. Walipotaka kubadilisha vibao walimwendea yeye, kwa kuwa walishaizoea familia. Mzee hakuuliza vipya vilifungwa wapi, na Stika hakusema. Sasa alikuwa anamtembeza binti yake kutoka mlango hadi mlango akimwonyesha alichokifanya, na magoti yalikuwa yanamuuma baada ya wiki nzima juu ya ngazi.

Duka la sita lilikuwa limebomolewa lote. Palibaki kifusi na mbuzi mmoja.

"Niandike mbuzi?" Karani aliuliza.

"Andika unachotaka, mama. Twende tumalize."

La saba lilikuwa la fundi baiskeli, mtu mnene aliyekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, gurudumu mapajani.

"Stika! Umekuja kubandika nini tena? Nibandike mimi usoni basi, mke wangu anasema nimechakaa."

"Wewe hata stika haishiki, una grisi mpaka masikioni." Stika alitazama juu ya mlango. "Hivi kile cha zamani tulikitoa?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye ulikuwa juu. Ninachokumbuka ni mvua, na wewe unalalamika kwamba umechoka."

Stika naye alikumbuka. Kibao cha zamani kilikuwa cha bati, ukubwa sawasawa na chake. Aliona uvivu kukishusha, akapitisha skrubu za kibao kipya humo humo.

"Naomba nikishushe," alisema.

"Shusha. Ila kesho asubuhi nikute mlango una jina. Wateja wasije wakadhani nimekufa."

Ngazi ya fundi ilikosa kipandio kimoja. Karani aliishika chini kwa mikono miwili, baba yake akafungua skrubu, moja ikagoma, akaitukana kwa sauti ya chini, ikatoka. Nyuma ya plastiki palikuwa na vumbi na viota vya nyigu. Nyuma ya vumbi palikuwa na herufi nyekundu, FUNDI BAISKELI, na gurudumu dogo pembeni. Kwa kuwa jua halikuifikia tangu siku ile, rangi ilikuwa haijafifia hata kidogo.

"Babu alikosea," Karani alisema walipokilaza chini. "Za mwanzo zimebanana."

"Hakukosea. Alianzia herufi ya mwisho. Alisema mtu akisoma mwanzo wa neno, mwisho anabahatisha, kwa hiyo mwisho upewe nafasi kwanza."

Karani aliandika hilo pia. Kisha akaweka kidole penye herufi ya kwanza. Katikati yake palikuwa na tundu. Matundu yalikuwa manne, moja kila pembe, na moja la chini lilipita kwenye kitovu cha gurudumu.

"Nitayaziba," Stika alisema.

"Babu atayagusa."

"Ndiyo maana nitayaziba."

Ijumaa asubuhi alirudisha kibao cha plastiki kwa fundi, kisha akakaa karakanani kuchanganya rangi. Nyekundu ya kwanza ilitoka kama nyanya, ya pili kama tofali. Ya tatu ilikaribia, lakini juu ya ile ya zamani ilionekana kama kidonda kibichi. Aliifuta. Akaosha brashi, akafunika kopo, akalala kwenye benchi na viatu vyake.

Jumamosi walimkalisha mzee mbele ya meza ya Karani, koti limenyooka.

"Nisogezeni," alisema.

Walimsogeza. Alipitisha kidole gumba juu ya bati akianzia herufi ya mwisho, akirudi taratibu kuelekea ya kwanza. Hapo kidole kilikwama kwenye ukingo wa tundu.

"Tundu hili la nani?"

"Langu, baba," Stika alisema.

"Na hili?"

"Langu pia. Yote manne."

Mzee aliyatafuta moja moja. "Hili la gurudumu limekwenda upande."

"Nilikuwa nimechoka. Mvua ilikuwa inakuja."

"Na vile vingine sita?"

"Kimoja kilibomolewa pamoja na duka. Vitano niliviondoa mimi."

Mwalimu alipita, akakitazama kibao, akaweka alama kwenye karatasi yake na kwenda meza iliyofuata. Kidole cha mzee kilibaki juu ya tundu.

"Vyako ulivinyoosha kwa macho au kwa kipimo?"

"Kwa pimamaji."

"Ipi?"

"Ile yako."

Mzee aliondoa kidole, akakifuta kwenye koti, akagusa kikaratasi kilichobandikwa chini ya kibao. "Karani. Kikaratasi hiki kinasemaje?"

Karani alisoma. "Kibao cha bati, rangi ya mafuta. Mchoraji ni babu. Matundu manne ni ya baba."

"Umeweka mwaka?"

"Wa kibao nimeweka."

"Weka na wa matundu."

Karani alimgeukia baba yake, kalamu mkononi. Stika aliutaja mwaka. Karani akauandika.