Sare ya Kupigia Picha

Katika kisa hiki hamna neno hata moja la uongo. Haya, yamo ya mama mtu, na ukiyaondoa hayo kinabaki kitanda na vidonge.

Kitanda kilikuwa cha binti wa miaka kumi na mitano. Wauguzi wa wodi ya vijana wenye maradhi ya akili walimwita Bi Nuna, naye hakuwaangusha. Aliletwa pale baada ya kuacha kula, kisha kuacha kulala, kisha kuacha kuona sababu ya kuamka. Daktari akasema abaki. Wakamvua mkanda, wakachomoa kamba za viatu, wakachukua simu, wakamvisha mkononi kitepe cha plastiki chenye jina lake. Tangu hapo alitembea ameshikilia sketi, viatu vikibwabwaja kama mdomo wa mmbea. Choo hakina komeo. Na kila asubuhi mtu yuleyule aliyemmulika tochi usoni usiku kucha alimuuliza, "Umelalaje, mpenzi?" Hasira ilimjaa hadi ya kugawia jirani.

Hayo yote angeyameza. Lililomkaa kooni ni moja: Bibi, aliyemlea, hakuja kumwona. Na hakuja kwa sababu hakujua. Mama aliutangazia ukoo mzima kwamba mtoto amehamia shule ya bweni, ya mbali, yenye masharti makali. Hapo kwenye masharti hakukosea.

Siku ya wageni Mama akaja na mfuko. Bi Nuna alidhani ni matunda. Kumbe sare ya shule, imepigwa pasi mpaka imekakamaa.

"Vaa upesi nikupige picha. Bibi yako hanipi pumzi, anataka kukuona."

"Si umlete anione."

"Akuone hapa?"

"Ningevunjika mguu ungemwambia?"

"Mguu ni mguu."

"Na kichwa?"

"Mwanangu, mguu hauna majirani. Kichwa kinao."

Bi Nuna alitamani kuutupa ule mfuko nje, ila madirisha ya wodi ile hayafunguki. Akavaa kwa kuvuta na kusukuma, kifungo kikaruka chini ya kitanda, hakukiokota. Sista wa zamu akapita, akamnyang'anya Mama tai.

"Hii hairuhusiwi humu."

"Dakika moja tu, Sista."

"Hata nusu, mama."

Uani Mama akamsimamisha mbele ya ukuta mtupu, akamvuta mkono wa sweta ukafunika kitepe, akarudi nyuma.

"Cheka kidogo."

"Nimcheke nani?"

"Basi usicheke, wataona unasoma sana."

Mama alipoinua simu, Bi Nuna akainua mkono kuweka kola sawa, taratibu, kama mwanafunzi nadhifu kuliko wote. Sweta likateleza hadi kiwiko. Mama hakuona, alikuwa akichunga mgonjwa mwingine asijitokeze nyuma. Akapiga picha, akamtumia Bibi.

Hata benchi hawajalifikia, simu ikaita. Sauti ya Bibi haikuhitaji spika.

"Mjukuu wangu kapendeza. Ila kakonda."

"Masomo, mama."

"Walimu wanamjali?"

"Mno. Hata usiku wanapita kuwaangalia."

Bi Nuna akasaga meno. Angeweza kupiga kelele, Bibi akasikia. Hakupiga. Alitaka aliyeupika uongo aupakue mwenyewe, mbele yake, ungali wa moto.

"Na mkononi wamemfunga nini?"

"Saa hiyo, mama."

"Saa," Bibi akarudia. "Mimi nilifungwa saa kama hiyo nilipopasuliwa nyonga. Ya plastiki, ina jina langu. Haikuwahi kuniambia ni saa ngapi."

Mama akamtupia binti jicho. Binti akalipokea, akalirudisha lilivyo.

"Ni za shule, mama. Wote wanavaa."

Mlangoni Sista akapiga makofi. "Muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Wageni nje, wagonjwa njooni mmeze dawa."

Mama akaiziba simu kwa kiganja, amechelewa.

"Na huyo," Bibi akauliza, huku akisikika akiburuta viatu vyake kutoka chini ya kitanda, "anafundisha somo gani?"